Mama hataki kulala kwenye nyumba aliyoijua kwa nyuma

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kwetu tumezaliwa watatu: kaka yetu yuko Arusha, mimi niko katikati, na mdogo wetu wa kike anafanya kazi Muscat. Mama anaishi nami tangu baba afariki. Julai hii anatimiza miaka 70, na kwa kuwa mdogo wangu atakuwa likizo mwezi huohuo, tuliamua kumfanyia sherehe ya maana.

Asili yetu ni Lushoto. Mama ni Msambaa wa kuzaliwa na kukulia huko. Sisi watoto wake tumezaliwa mjini, tunapanda kule kwa misiba na harusi. Nilipomuuliza angependa sherehe iwe wapi alijibu mwenyewe, "Nipelekeni Lushoto nikaonje baridi." Nikafurahi, nikaanza kutafuta mahali kwa simu, maana na wajukuu tunazidi kumi na nyumba za ndugu hazitutoshi.

Nikapata nyumba ya zamani nje kidogo ya mji, ya zama za Wajerumani. Kuta za mawe, sakafu za mbao, sehemu ya kuwashia moto wa kuni karibu kila chumba. Mbele ina bustani yake yenyewe iliyozungushiwa ua wa miti, hakuna mgeni mwingine anayeingia: mawaridi, majani yaliyokatwa vizuri, miti ya mapeasi na plamu. Wanaipangisha nzima. Siku tatu ni shilingi 1,900,000. Tukachanga, nikatuma nusu kama malipo ya awali.

Jioni nikamwonyesha mama picha. Aliishika simu muda mrefu, halafu akataja jina la Mzungu fulani ambalo sijawahi kulisikia. Kumbe babu, baba yake mama, alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyohiyo miaka ya hamsini, hadi yule Mwingereza alipoondoka baada ya Uhuru. Mama alizaliwa kota, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba, akakaa pale hadi umri wa miaka kama kumi, babu alipopata shamba Soni wakahama. Tulijua babu alifanya kazi "kwa Mzungu". Wapi hasa, hatukuwahi kuambiwa.

Mama akasema, "Nyumba hii naijua kwa nyuma tu. Kulala humo, mimi hapana." Akanirudishia simu. Baadaye, akiwa anachambua mchicha, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ule mpeasi wa karibu na tangi bado upo?"

Tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp halina amani. Kaka anasema tufute kila kitu, sherehe ya mama haifanyiki kwenye nyumba ya mkoloni aliyemtumikisha baba yake. Mdogo wangu anasema tumwambie mama tumebadilisha hoteli, tumpeleke hivyohivyo, akifika getini moyo utalainika. Na yeye hana likizo nyingine mwaka huu. Mama mkubwa wa Korogwe, dada yake mama, alipopata habari alicheka hadi akakohoa: "Mimi nilazeni kitanda cha bwana mkubwa, hata nikifa nife nimeshakilalia!" Mume wangu anasema mama ni mtu mzima, ameshasema.

Mimi, Shangazi, natamani sana aende. Najiona kama namwona anaamka kwenye chumba kikubwa, anafungua dirisha la mbele, anaitazama bustani ya baba yake kama mwenye nyumba. Naona uchungu alioubeba miaka yote hii utapungua. Maelezo ya ile nyumba yanamtaja Mjerumani aliyeijenga, yanamtaja hata yule baroni wa maua ya Usambara. Babu hayumo. Zile kota wameziandika "vyumba vya madereva". Niliposoma hapo uchungu ukanipata mimi pia, na nikazidi kutaka twende, tuingie kwa mlango wa mbele, watoto wakimbie kwenye yale majani. Lakini kama mama hataki, namfanyia nani?

Pesa inarudishwa ikiwa nitaghairi wiki mbili kabla. Siku zinakwenda. Nifanyeje?

Binti wa Mama Mkimya, Tabata


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu, na umwambie ombi lake la kwenda kuonja baridi nimelielewa vizuri, maana mimi joto la Dar mwezi wa pili lilishawahi kunifanya nifikirie kuhamia Magamba.

Kwa nilivyokusoma, mlimwandalia mama zawadi kwa mapenzi, na bila mtu yeyote kujua zawadi ikaangukia mahali ambapo maisha yake yalianzia. Yeye amesema hapana kwa kitu kimoja, kulala ndani. Halafu akauliza kuhusu mti. Ninyi mmeyachukua maneno hayo mawili mkagawana: kaka ameshika la kwanza, mdogo wako ameshika la pili, nawe uko katikati umeshika yote mawili na risiti ya malipo.

Kitu cha kwanza ninachotaka tukitazame taratibu ni uchungu. Umelitaja sana neno hilo. Katika yote uliyoniandikia kwamba mama kayasema, yeye hajalitaja. Huenda upo, na ni mkubwa kuliko unavyodhani. Lakini mtu anaweza kukataa kulala kwenye nyumba kwa sababu nyingine kabisa, na ukitibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuusema unaweza kumwongezea mwingine.

Fikiria majirani, kwa mfano. Wewe unaiona ile nyumba na wazungu wake waliokwisha kuondoka. Mama pengine anawaona waliobaki. Babu yako alipata shamba Soni akaondoka na wanawe. Wenzake wa kota je? Watoto waliocheza na mama, na watoto wa watoto hao, inawezekana kabisa ndio leo wanaopika, wanaofagia na wanaowasha moto kwenye vyumba hivyo. Mwanamke wa miaka 70 aketi kwenye kiti cha kambaa pale mbele, aletewe chai na mtoto wa rafiki yake waliyekuwa wakichota maji pamoja? Kuna watu wangeona ni heshima. Kuna wengine wangetamani ardhi ipasuke. Sijui mama yako yuko upande gani, na kwa barua yako naona hata wewe hujui bado.

Au fikiria jambo dogo zaidi. Nyumba za mawe za kule juu zina baridi hasa, na Julai ndiyo kilele chake. Mama aliyezaliwa pale anaijua baridi hiyo kuliko picha za simu. Vyumba ni vikubwa, choo mara nyingi kiko mwisho wa ukumbi, sakafu ya mbao usiku inalia kila hatua, na moto wa kuni chumbani una moshi wake. Magoti yake yakoje? Kifua? Presha? Wazee wetu hawapendi kusema "siwezi ngazi", wanaona heri waseme "sitaki". (Na hapa niseme kitu hata kama hakihusiani na swali lako: popote mtakapolala Lushoto, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.)

Au fikiria kwamba mama ana kumbukumbu ambayo ni yake peke yake. Watoto wa kota waliona na kusikia mengi, mazuri na mabaya, na mengine mtoto hamuulizi mama yake hata akiwa na miaka 41. Kama hali ni hiyo, ile "hapana" imeshatosha, haihitaji maelezo.

Sasa kaka yako. Hoja yake ina uzito na usiipite haraka. Lushoto iliitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wa Wajerumani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, kupanda huko milimani kukimbia joto la pwani kukawa rahisi kwa wakubwa wa serikali na walowezi, na jasho la kujenga, kubeba na kulima likawa la Wasambaa na wengine walioletwa. Hilo halifutwi na mawaridi. Na ule mfano wako wa baroni ndio unaonyesha vizuri kabisa jinsi sifa zilivyogawanywa. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga. Mwaka 1892 alimtumia baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli huku kwetu, na mwaka uliofuata wanasayansi wakaliandika kwa jina la ukoo wao. Leo liko kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Wenyeji waliokuwa wakipita pembeni ya ua hilo kwa miaka na miaka hawamo kwenye jina. Babu yako yuko kwenye kundi hilo, nami sishangai kwamba ulipokosa jina lake ulisikia kitu kifuani.

Ila kaka anazungumza kama vile nyumba imebaki mikononi mwa yule yule. Nyumba hizo zimepita mikono mingi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwafukuza Wajerumani na kuuza mali zao kama mali za adui. Kuanzia 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurejea, wengine wakanunua tena mashamba. 1939 vita vikalipuka upya wakakamatwa. Ndipo wakaingia kina huyo bwana wa babu yako. Baada ya Uhuru nyumba za namna hiyo zikaenda kila upande: serikali, watu binafsi, makanisa. Pale Irente, kilomita chache kutoka mjini, shamba na nyumba za wageni viko chini ya Kanisa la Kilutheri, na jibini na mkate wao vinajulikana hadi Tanga. Je, hiyo mliyoilipia ni ya nani leo? Umeuliza? Kulala kwa mwenye nyumba Mtanzania aliyeinunua kwa jasho lake si sawa na kulala kwa mjukuu wa mlowezi, na mama anaweza kuwa na maoni juu ya hilo ambayo yatakushangaza.

Pendekezo la mdogo wako ndilo linalonipa hofu zaidi, ingawa namwelewa. Likizo ya Muscat haipatikani kila mtu anapotaka. Mkimdanganya mama kuhusu hoteli, mtampandisha gari kutoka Mombo, mtapita maporomoko ya Soni, na njia hiyo ataitambua kona kwa kona kabla dereva hajapiga breki. Huenda akashuka akicheka. Huenda pia akashuka akiwa mtulivu na mpole, akala keki, akapiga picha na wajukuu, nanyi mkarudi mkisema "tuliwaambia". Mama mkimya akiumia haonekani. Siku hiyo mtakuwa mmemnyang'anya uamuzi mmoja aliowahi kuufanya juu ya nyumba ile, yeye ambaye utotoni hakuamua lolote pale.

Ipo njia nyingine inayofanana nayo ingawa haionekani hivyo: kumbembeleza hadi akubali. Akina mama wa rika lake wakisikia "tumeshalipa" wanakubali hapohapo, kwa sababu walilelewa kutopoteza shilingi. Ukimtajia malipo ya awali, ujue hutapata jibu lake tena, utapata jibu la pesa. Kama bado hujamtajia, kaa nalo. Kama umemtajia, mwambie inarudishwa.

Kuhusu mpeasi. Ningekuwa karibu nawe ningekuuliza: ulimjibu nini? Hujaniandikia. Nadhani ulishangaa ukanyamaza, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Lile swali bado liko mezani, na ni yeye aliyelileta. Unaweza kumpigia msimamizi wa nyumba umuulize kama upo mpeasi karibu na tangi, au karibu na mahali tangi lilipokuwa, kisha umletee mama habari hiyo bila kuambatanisha ombi lolote. "Mama, upo." Au, "Mama, waliukata." Halafu endelea na kazi zako za nyumbani. Anaweza akaanza kusimulia jinsi babu alivyoupogoa, au walivyoiba plamu bwana akisafiri, au akasema "haya" na kuingia ndani. Hata hivyo utakuwa umejifunza zaidi kuliko kwa kumuuliza moja kwa moja mbele ya wajukuu.

Kuna kutenganisha kulala na kufika. Yeye amekataa kulala. Kufika hajakukatalia, wala hajakubali. Mnaweza kulala kwingine, mjini Lushoto au Irente, au yeye akalala kwa ndugu Soni huku ninyi vijana mkiwa popote, na siku moja mchana mkaomba kupita bustanini. Hatari yake ni kwamba atakuwa mgeni wa wageni, amesimama kwenye majani ambayo baba yake aliyakata, akisubiri mtu amwambie saa imekwisha. Watu wengine ziara fupi namna hiyo inawatosha na kuwafurahisha, wengine inawakwaruza kuliko kukaa siku tatu. Mama mkubwa akiwepo pembeni yake mambo yanaweza kuwa mepesi. Yule bibi mimi nimempenda. Wamekulia nyumba moja kila mmoja akatoka na lake, na ucheshi wake kuhusu kitanda cha bwana mkubwa hauna maana kwamba mdogo wake amekosea kukataa. Ila usimfanye mpelelezi wako. Ukimpigia kumchimba habari za mama, habari zitamfikia mama kabla hujakata simu. Unajua Korogwe na Tabata zilivyo karibu kwenye masuala hayo.

Mnaweza pia kughairi nyumba na kufanya sherehe Tabata. Litakuwa jambo la heshima, lakini angalia lisigeuke mzigo kwa mama: mtoto wa Muscat kakosa Lushoto, pesa zimesumbua, na yote "kwa sababu ya mama". Mkighairi, atakayemweleza mdogo wenu awe wewe au kaka, na sababu isiwe kisa cha mama kinachosambazwa kwenye kundi la familia pamoja na picha za ile nyumba. Hapo pia kuna swali la Lushoto yenyewe, kwa sababu aliomba kupelekwa Lushoto. Nyumba ikifutwa, safari isifutwe kwa bahati mbaya.

Umeniuliza, "namfanyia nani?" Nimelisoma swali hilo mara kadhaa. Nadhani zawadi hapa ni mbili zilizofungwa karatasi moja. Kuna ya mama ya miaka 70, ambayo mwenyewe aliitaja: baridi, nyumbani, watoto wake watatu pamoja. Na kuna yako wewe: kuingia kwa mlango wa mbele, kumwona babu akihesabika. Ya pili si dhambi wala si ubinafsi. Wajukuu wana haki ya kudai babu yao, tena wewe umeona kwa jicho kali pengo ambalo wengi wangelipita. Lakini hiyo haihitaji mama awe kitandani kwenye chumba kikubwa ili itimie. Unaweza kwenda wewe na mumeo na watoto wakati mwingine, mkalala pale, mkatembea bustanini. Unaweza kumwandikia mwenye nyumba kwamba miti ile ilitunzwa na mtu mwenye jina, ukaomba liwekwe kwenye maelezo yao. Kabla ya hapo lakini, muulize mama kama anataka jina la baba yake lisomwe na wageni wanaokuja kunywa mvinyo. Anaweza akaona fahari. Anaweza akakuambia babu hakuwa pambo la biashara ya mtu. Jina ni la baba yake kwanza, ndipo la babu yako.

Mumeo kasema mama ni mtu mzima na ameshasema. Ni kweli, nami nampongeza, ila hata watu wazima hubadilisha mawazo wakiachiwa nafasi, na hawabadilishi wakisukumwa. Nafasi hiyo kwa sasa inabanwa na zile wiki mbili za kurudishiwa pesa. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujazungumza lolote na mama, piga simu uulize vitu vitatu: nyumba ni ya nani, mpeasi upo au haupo, na kama tarehe ya mwisho ya kughairi inaweza kusogezwa, au malipo yenu kuhamishiwa mwezi mwingine. Wenye nyumba wengi husikiliza wakielezwa vizuri. Wakikataa, kaeni ninyi watoto watatu mkubaliane mapema ni kiasi gani mko tayari kukipoteza, ili mama asijue kwamba kuna saa inayokimbia nyuma ya maneno yake.

Shangazi